Upepo Watoka Wapi?

Likizo ya Desemba 1987, nikiwa na miaka 14, nilichonga jahazi la mti wa mwembe nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Lilikuwa mfano wa jahazi ambalo babu alikuwa nahodha wake miaka ya 1950, likipakia boriti Lamu na kuzishusha Unguja. Babu aliniambia urefu wake ulikuwa mita 15 hivi, nikagawa kwa 50 nikapata sentimita 30. Umbo lake nililihangaikia wiki tatu, rula mkononi. Kamba, ukingo na bendera nilivifunga siku moja tu, kwa kukisia, kwa hamu ya kumwonyesha.

Babu alirudi msikitini baada ya alasiri, akakaa barazani, akalipokea. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na ubavu wa chombo.

"Upepo watoka wapi?"

Sikulielewa swali.

"Tanga lako limejaa, kwa hiyo upepo watoka nyuma. Bendera yapepea kuelekea tezi, huku nyuma ya chombo, kwa hiyo upepo watoka mbele. Na demani, kamba inayolishika tanga, imelegea kama ya kuanikia nguo. Sasa hili laenda wapi, mjukuu wangu?"

Kisha akakivunja kijiti cha kiberiti, akabakisha sentimita 3 na nusu. "Huyu ni mimi." Akakisimamisha pale tezini, nyuma ya ukingo nilioupa sentimita 4. Kijiti kikapotea. Nahodha wangu asingeona hata omo, mbele ya chombo chake.

Nilitaka kulia. Babu aliagiza mkasi.

Tulikata kila kitu. Ukingo tuliushusha chini ya sentimita 2. Uzi wangu ulikuwa wa kushonea magunia, mnene mno: kamba ya jarari nene kama kidole gumba, ukiigawa kwa 50, haizidi nusu milimita. Tukachukua uzi wa pamba, tukaupitisha kwenye nta ya nyuki mpaka manyoya yake yakalala. Tulianza na jarari inayopandisha foromali, mti unaobeba tanga, kwa kuwa iko ndani karibu na mlingoti. Ukitangulia kufunga kamba za nje, vidole havipiti tena. Zikafuata hamarawi, kamba za kuongozea foromali. Mwisho demani, na hiyo aliivuta mwenyewe hadi ikanyooka, kwa sababu tanga lililojaa haliwezi kushikwa na kamba iliyolala.

Hapo alinyamaza, akafungua kiganja chake cha kushoto. Lile kovu lililopita katikati, ambalo tangu utotoni nililidhani la kisu, lilikuwa la demani. Ilimponyoka usiku mmoja karibu na Pemba, akakataa kuiachia. Hakuwahi kunisimulia kabla ya siku ile. Nilimshika mkono nikaulaza kwenye paja langu, tukakaa hivyo kidogo.

Ikabaki bendera. Mimi nilikuwa nimechora ya Kenya, kwenye kitambaa kilichosimama kama ubao. Lakini jahazi lile liliandikishwa Unguja, na kabla ya Desemba 1963 bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu, bila alama yoyote. Tukapaka karatasi ya shashi rangi nyekundu pande zote mbili, na kabla haijakauka tukaikunjakunja juu ya penseli ili ipate mawimbi. Babu aliigeuza ielekee omo, ikielemea upande uleule wa tanga.

Jua lilikuwa limeshatua. Kaskazi ilikuwa imeanza siku chache nyuma na ilikuwa ikiingia kwa dirisha la ukumbini. Babu alilibeba jahazi mpaka kizingitini pa dirisha, akaligeuza tezi ipokee upepo na omo lielekee Unguja. Akavuta kiti, akalitazama mpaka ikaadhiniwa isha.