Meno ya Maji ya Chai

Saa nne usiku, wazee wakishapanda vitandani, kazi yangu ya kwanza ni kukusanya meno. Kila mmoja ana kikombe chenye jina lake. Nachukua meno bandia ya juu na ya chini, nayapiga mswaki kwenye sinki, nayatumbukiza kwenye maji mpaka asubuhi. Ni nyumba ya kulelea wazee pembezoni mwa Birmingham, Uingereza, na huu ni mwaka wangu wa tatu wa zamu za usiku. Bibi yangu kule Arumeru alizikwa na meno yake karibu yote. Yalikuwa ya kahawia, lakini yalikuwa yake. Ndiyo maana miezi ya mwanzo vikombe vile vilinishangaza: nchi tajiri namna hii, meno ya wazee wake yamekwenda wapi?

Jibu nilipewa na bibi mmoja wa miaka 92 nilipokuwa namsaidia kusukutua. "Niling'olewa yote nilipotimiza miaka 21," akasema. "Ilikuwa zawadi ya baba, kabla ya harusi yangu." Nikadhani Kiingereza changu kimeniangusha, nikamwomba arudie. Akarudia bila haraka. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Kwao ilijulikana kwamba meno yataoza tu, na kila jino litakuja na maumivu yake na bili yake. Kwa hiyo baba mwenye kumpenda binti aliyang'oa yote kwa mkupuo, akamnunulia bandia, ili asimpelekee mume gharama hizo.

Siku ya mapumziko nilikaa nikasoma, nikakuta hakuwa peke yake. Desturi hiyo ilijulikana sana katika familia za wafanyakazi hapa. Mwaka 1968, kati ya kila watu wazima 100 wa England na Wales, 37 hawakuwa na hata jino moja la asili. Kufikia 2009, kwa England, walikuwa wamebaki 6. Hiyo ni miaka 41 tu, umri wa mtu mmoja ambaye bado hajazeeka. Kwa hiyo mtu akikuambia Wazungu wana meno mazuri kwa asili, au Waafrika wana meno imara kwa asili, usimkubalie upesi.

Nami nina meno ambayo watu huyasoma kabla sijafungua mdomo vizuri. Nimezaliwa Maji ya Chai, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru. Jina la mahali limetokana na mto wenye maji ya rangi ya chai, na maji yetu yana madini mengi ya floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya kudumu bado yanajengeka ndani ya taya, yanatoka na madoa ya kahawia, mengine na vishimo. Yakishatoka hivyo hakuna mswaki wa kuyabadilisha. Chakula nacho huongeza: magadi tunayotia kwenye makande ili maharage yaive upesi yana floraidi yake. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu mpaka miligramu 8, baadaye 4, kwa sababu kushika kile kiwango cha chini kungeviacha vijiji vingi bila chanzo cha maji kabisa.

Hapa, mtoto wa mmoja wa wazee ninaowahudumia aliniuliza kwa upole kama nimevuta sigara miaka mingi. Kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi nilijibu maswali yote nikiwa nimebana midomo, na sikuitwa tena. Huenda ilikuwa sababu nyingine. Lakini mimi na wengi wa kwetu tumezoea kucheka tukiweka mkono mdomoni, na mtu wa mbali huona uchafu, au umaskini, au kutokusoma, wakati anachokiona ni kisima tulichochotea maji tukiwa wadogo.

Basi nataka mjue kwamba maji ya bomba ya Birmingham yanatoka bonde la Elan kule Wales, zaidi ya kilomita 110, na kwamba tangu 1964 hutiwa floraidi kwa makusudi, miligramu 1 kwa lita. Kidogo hulinda jino lisitoboke, nyingi huliharibu. Hapa wanaitia, na uzuri wa maji ni kwamba humfikia mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini kwenye bomba lilelile, hata kama mama hana muda wala fedha ya daktari. Kwetu, kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi kutafuta njia ya kuitoa, kwa kuyachuja maji kwenye mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Nilipoyajua yote mawili nilikaa kimya muda mrefu. Madini ni yaleyale. Tofauti ni kwamba huku kuna kampuni ya maji inayoweza kuyapima kila siku, na serikali inayolipa.

Mwezi wa pili mwaka jana gego langu la chini kushoto lilianza kuuma usiku wa manane, katikati ya zamu. Uvimbe ulipanda mpaka sikioni. Asubuhi nilipiga simu kliniki za meno za NHS, huduma ya afya ya serikali hapa, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika ya 19. Zote jibu moja: hatupokei wagonjwa wapya wazima. Kliniki ya kulipia ilinipokea siku hiyohiyo, ikapiga picha, ikaniambia kusafisha mizizi na kulifunika jino ni zaidi ya paundi 700. Hiyo ni karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nikampigia kaka yangu kule nyumbani, Usa River. "Ng'oa tu, mdogo wangu," akasema. "Gego moja litakupunguzia nini?"

Kaka hakukosea kwa hesabu za nyumbani. Kwetu kung'oa ni bei ya siku moja, kuziba ni bei ya wiki, na kusafisha mzizi ni habari ya hospitali kubwa mjini, nauli, na kurudi mara mbili au tatu. Anayelipwa kwa siku huchagua koleo. Si kwamba hapendi jino lake. Yule baba wa kiwandani na kaka yangu wamekutana kwenye hesabu ileile, miaka 70 na bahari kati yao.

Aliyenitoa kwenye hesabu hiyo ni dada mmoja wa Nakuru, Kenya, ambako nako maji huacha madoa kama yetu. Tunafanya naye zamu. Siku ya kwanza tulipokutana jikoni alicheka, akaona meno yangu, nikaona yake, akasema, "Wewe ni wa Arusha." Nami nikamjibu, "Na wewe ni wa Bonde la Ufa." Tulitambuana kwa meno kabla ya majina. Aliponiona na shavu limevimba alinikalisha chini. "Hiyo kung'oa usikubali kabla hujauliza," akasema. "Piga 111, namba ya simu ya NHS, uombe nafasi ya dharura. Ukikaa kwenye kiti uliza: kuna njia gani ya kulibakiza? Kisha nitakupa fomu."

Fomu hiyo inaitwa HC1. Nawaandikia ndugu zangu mlio huku kwa sababu yake hasa, maana nimekutana na Watanzania, Wakenya na Wakongo wasioijua. Wenye viza ya kazi tumekatazwa misaada mingi ya serikali, na karatasi zetu zinasema hivyo kwa maneno mazito, basi tunaogopa kugusa chochote. Lakini msaada wa gharama za NHS kwa mwenye kipato kidogo haumo kwenye katazo hilo. Unajaza HC1, wanapima mapato yako na kodi ya nyumba, wanakutumia cheti: HC2 kama hutalipa kabisa, HC3 kama utalipa sehemu. Kama umeshalipa, dai urudishiwe ndani ya miezi 3, na utunze risiti. Mjamzito, na mama aliyejifungua ndani ya miezi 12, hatozwi matibabu ya meno ya NHS. Na wale mliolipa ile ada ya afya ya viza, paundi 1,035 kwa mwaka, msidhani imelipia na meno. Gharama za meno mnatozwa kama wenyeji.

Kwa England, katika mwaka ulioanza Aprili 2025, NHS ilimtoza mtu mzima paundi 27.40 kwa uchunguzi au dharura, 75.30 kwa kuziba, kung'oa au kusafisha mizizi, na 326.70 kwa meno bandia na kofia za meno. Kuziba meno matatu katika awamu moja ya tiba ni bei ileile ya kuziba jino moja. Mwaka 1948 NHS ilipoanza, yote haya yalikuwa bure. Watu walifurika kiasi kwamba mwaka 1951 serikali ikaamua kutoza meno bandia na miwani, na Aneurin Bevan, waziri aliyeianzisha NHS, akajiuzulu serikalini kwa kupinga. Naelewa alichokiona. Ukishaweka bei kwenye jino, maskini anasubiri mpaka liume, na likishauma sana mara nyingi lililobaki ni kung'oa.

Mimi ni mhitimu wa kidato cha sita na stashahada ya uhasibu. Nimepiga mswaki asubuhi na usiku maisha yangu yote. Watafiti wanaposema waliosoma zaidi hubaki na meno mengi zaidi uzeeni, watu wetu husikia kwamba asiyesoma ni mzembe, hajui mswaki. Mimi mswaki niliujua. Nilichokosa ni elimu ya mahali hapa: kujua kwamba fomu ipo, kujua kwamba daktari anaulizwa, kujua kwamba unakwenda wakati hakuna kinachouma. Mwenye ofisi huomba saa mbili, akaenda kliniki na kurudi mezani bila kukatwa kitu. Mimi nalipwa kwa saa. Miadi ya saa tano asubuhi ni usingizi wa baada ya zamu, au ni zamu nzima niliyoiacha. Muda nao ni kipato, na hauonekani kwenye hati ya mshahara.

Binamu yangu yuko Marekani na mambo yake ni magumu zaidi. Bima ya wazee ya kule, Medicare, ilipoundwa 1965 iliyaacha nje matibabu ya kawaida ya meno, na kwa watu wazima walio kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa maskini, kila jimbo huamua lenyewe litalipia nini. Ukihama jimbo, mdomo wako unaingia kwenye sheria nyingine.

Na fedha peke yake inaweza kutangulia kuumiza. Nyumbani mgeni wa heshima huletewa soda. Mtoto wa mtu aliyeanza kupata ananunuliwa biskuti na juisi za paketi ambazo bibi yangu hakuwahi kuzijua, ilhali kliniki ya meno bado iko mbali vilevile. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 ilihesabu karibu watu bilioni 3.5 wenye magonjwa ya kinywa, na watatu kati ya kila wanne wako katika nchi za kipato cha kati. Sukari hufika dukani miaka mingi kabla ya daktari wa meno.

Gego langu lipo. Daktari wa dharura, kijana, alianza kuandaa ganzi ya kung'oa; nilipouliza lile swali la dada wa Nakuru alisita, akalifungua, akaweka dawa, akaliziba kwa muda. Wiki sita baadaye nilipata kliniki ya NHS mji wa jirani, treni na basi, nikiwa na cheti changu cha HC3, wakasafisha mizizi.

Fedha niliyokuwa nimeanza kuidunduliza kwa ajili ya ile bili ya 700 niliigawa. Sehemu nilimtumia kaka. Ana binti wa miaka miwili, na maji ya mvua hayana ile floraidi ya mlima. Alinunua tangi, akafunga mifereji kwenye bati, na wifi yangu amekubali kuacha magadi kwenye chakula cha mtoto, ingawa analalamika kwamba maharage sasa yanamaliza mkaa. Masika yalipoanza alinitumia picha: tangi limejaa mpaka linamwagika, mtoto amesimama pembeni na kikombe, anacheka na meno yake madogo ya utotoni. Ya kudumu bado yamo ndani ya taya. Akifika miaka sita yataanza kutoka, nami nimeshamwambia kaka nataka picha ya lile la kwanza.