Nilivyoshiriki kumtafuta mwendesha mashtaka wa shirikisho

Mama alinipigia kutoka Tanga akauliza, "Mwanangu, nasikia siku hizi unachagua mahakimu huko Marekani?" Nikamwambia, "Si hakimu, mama, ni mwendesha mashtaka. Wala sichagui, napepeta tu."

Kupepeta ndiko kwenyewe. Marekani ina wilaya 94 za mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu, na waendesha mashtaka wakuu 93, maana Guam na Visiwa vya Mariana Kaskazini vina mmoja. Rais huteua, Seneti, baraza la juu la Bunge, huthibitisha, na muhula ni miaka 4, ingawa Rais anaweza kumwondoa aliyepo siku yoyote. Lakini kwa desturi, jina halisogei kama maseneta wa jimbo husika hawajarudisha karatasi ya bluu ya kulikubali. Ndiyo maana maseneta wengi huunda kamati ya mawakili iwachujie waombaji. Seneta wetu aliniingiza kwenye yake. Jimbo silitaji, kwa sababu tuliahidi siri na waombaji wengine bado wako kazini.

Tulikuwa tisa, maombi yalikuwa 14. Wiki ya kwanza nilikosea. Nilisoma wasifu nikavutwa na wenye hukumu nyingi walizoshinda, nikawapa alama za juu. Usiku mmoja nikajiuliza: mimi niliyekaa upande wa utetezi miaka karibu 20, nazihesabuje hizi kuwa sifa? Katika mahakama za shirikisho, zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanaotiwa hatiani hukiri kosa wenyewe bila kesi kusikilizwa. Uzito wote uko mwanzoni: nani ashtakiwe, kwa kosa lipi, na nani aachwe. Robert Jackson, alipokuwa Mwanasheria Mkuu mwaka 1940, aliwaambia waendesha mashtaka hao kwamba hakuna mtu Marekani mwenye mamlaka makubwa kuliko wao juu ya maisha, uhuru na heshima ya mtu. Naliamini neno hilo kwa moyo wote, nimeona watu waliovunjika kwa kushtakiwa tu, kabla ya hukumu.

Nikarudia majalada yote upya. Niliiomba kamati mambo mawili, ikakubali. La kwanza, tusiishie kwa wadhamini walioandikwa na mwombaji. Tuwapigie na mawakili waliowahi kushindwa naye. La pili, kila msailiwa aulizwe: tueleze, bila majina, jalada ambalo ungeweza kushinda ukaamua kutoshtaki.

Swali hilo liliwapepeta kuliko fomu zote. Mmoja, mwenye wasifu mzuri kupita wote, alisema halimjii lolote. Mwingine alitoa hotuba kuhusu haki. Kisha akaingia bwana mmoja mpole ambaye wiki ya kwanza nilimweka karibu na mwisho. Alikaa kimya kitambo, akavua miwani, akaiweka mezani.

Akasimulia habari za mama mmoja ambaye nyumbani kwake vifurushi vya kokeini vilikuwa vikipokewa na mwanawe. Zilizidi gramu 500, kiwango ambacho sheria inaweka kifungo kisichopungua miaka 5. Saini za kupokea zilikuwa za yule mama. Wapelelezi walitaka aunganishwe na kijana. Bwana huyu akaendesha gari hadi mtaa ule, akakaa ng'ambo ya barabara mchana kutwa. Mama alirudi kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, akafunga mapazia. Saa sita mchana mtu wa posta akabisha, mama akafungua akiwa na kanga ya kulalia, mimi naiita kanga, akasaini bila kuangalia, akarudi kulala. "Nikajiuliza anajua nini huyu," akasema. Alimshtaki kijana peke yake. Alikumbuka hata siku ya wiki.

Wakili mmoja aliyeshindwa naye mara nne aliniambia kwenye simu: ushahidi unaomsaidia mteja wangu alikuwa akinipa kabla sijauomba.

Tulipeleka majina matatu, kwa mpangilio wa alfabeti. Ikulu ikamchukua yule bwana mpole, wapelelezi wa FBI wakamchimba miezi kadhaa, na jina likafika Seneti. Nilitazama kwenye kompyuta jikoni, ugali ukiwa motoni. Wanaokubali waseme ndiyo, ikasikika ndiyo, jina likapita, akaitwa mwingine. Nikampigia mama.