Kitabu cha mikate iliyogoma

Kwa mwaka mzima nilikuwa na kitabu cha kumbukumbu kisicho na kumbukumbu hata moja. Kina jalada gumu na kurasa nene za rangi ya maziwa, na kando yake nilikuwa na kikapu cha vikorokoro: tepu za maua, stika, karatasi za nakshi, mkasi wa kukata kingo za mawimbi. Kila nikifungua ukurasa wa kwanza, mkono unakuwa mzito. Nilikuwa naogopa kuuharibu. Basi naongeza stika nyingine kikapuni, nafunga, naenda zangu jikoni.

Jikoni sikuogopa kuharibu, na niliharibu kwelikweli. Nilikuwa nimejitosa kujifunza kuoka mkate. Wiki hii unatoka laini kama pamba, wiki ijayo linatoka tofali. Tofali lenyewe ningelivumilia. Kilichoniuma ni kwamba sikujua nilichobadilisha. Maji nilitia kwa macho, hamira kwa kijiko ambacho leo kimejaa kilima na kesho kimesawazishwa. Mkate mzuri ulikuja kama mgeni asiyepiga hodi, ukaondoka bila kuaga.

Jumapili moja nikatoa mkate uliopasuka ubavuni, juu umebonyea, na chini una mstari mbichi wa unga unaonata kwenye kisu. Kabla sijautupa nikaupiga picha nimtumie dada yangu, tucheke wote. Dada hakucheka. Aliuliza, "Maji uliweka kiasi gani?" Nikabaki na simu mkononi sina jibu. Jioni ile nikaichapisha ile picha, nikaibandika katikati ya ukurasa wa kwanza, kwa hasira, bila tepu wala ua. Chini yake nikaandika: "Tofali namba 1. Maji: sijui. Hamira: sijui. Chumvi: nadhani."

Hofu ya ukurasa wa kwanza ikaishia hapo. Kitabu kinachofunguliwa na mkate mbovu kiasi kile kitaharibiwa na nini tena?

Kazi ya kwanza ilikuwa kujaza zile "sijui". Nilianza na mizani ndogo ya jikoni, na siku ya kwanza tu ikaniumbua. Nilichota unga kwa kikombe moja kwa moja mfukoni, ukashindiliwa, nikapata gramu 150. Nikachukua kikombe kilekile, nikakijaza polepole kwa kijiko, nikapata 120. Kwa vikombe vinne, tofauti ni gramu 120, yaani kikombe kizima cha unga ambacho siku nyingine kilikuwemo na siku nyingine hakikuwemo, na mimi nalaumu hamira.

Tangu hapo kila mkate nauhesabu kama waokaji wanavyohesabu: unga ndio mia, vingine vyote vinapimwa dhidi yake. Unga gramu 500, maji 325, chumvi 10, hamira ya chenga 5. Hiyo ni asilimia 65 ya maji, 2 ya chumvi, 1 ya hamira. Sheria niliyojiwekea ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa kila ukurasa. Kwa hiyo kurasa tatu za mwanzo zilizopimwa zinafanana kwa kila kitu isipokuwa maji: 300, 325, 350. Picha zake napiga vilevile kila mara, kipande cha katikati, sahani ileile, karibu na dirisha, kijiko cha chai pembeni ili ukubwa uonekane. Ukiziweka sambamba, matundu ya ndani yanakuonyesha maji yalivyofanya kazi. Kwa kumbukumbu ya kichwani nisingeyaona hayo hata kwa miaka kumi.

Ukurasa wa saba ndio ulionieleza kuhusu lile tofali la kwanza. Hapo nilianza kuandika jaribio la kidole. Unabonyeza mkate uliokwisha umbwa na kuumuka: kishimo kikirudi haraka, bado, kikirudi polepole na kubakiza alama, washa oveni, kisiporudi kabisa, umechelewa, hewa imeshazidi nguvu za unga na mkate utabonyea ndani ya moto. Lile tofali nililiacha liumuke huku naangalia mambo yangu mengine. Na ule mstari mbichi? Nilidanganywa na ganda la juu, lilikuwa limeshapata rangi. Siku hizi nachoma kipimajoto katikati ya mkate. Kikisoma nyuzi 93 hadi 96 za Selsiasi, natoa.

Nikiwa nashangilia mikate, kitabu nacho kikaanza kuniadhibu kwa namna yake.

Risiti ndizo zilizotangulia. Nilizibandika kama mapambo, na pia nijue nilitumia unga upi. Baada ya miezi michache maandishi yalikuwa yamefifia, na moja niliyoiweka muda karibu na oveni ikawa nyeusi nusu nzima. Karatasi ya risiti haina wino. Imepakwa kemikali inayobadilika rangi kwa joto, ndiyo maana joto linaiunguza na muda unaifuta. Siku hizi napiga picha risiti, nabandika picha. Vipande vya magazeti navyo viligeuka manjano na kuanza kukatika pembeni, kwa sababu karatasi ya gazeti ina asidi nyingi, na asidi hiyo huhamia hata kwenye ukurasa wa jirani. Kwenye karatasi za kubandikia ninazonunua sasa natafuta maelezo kwamba hazina asidi. Ni neno dogo nyuma ya pakiti, na nililipuuza mwaka mzima nikichagua kwa maua.

Gundi ni hadithi nyingine. Gundi nyeupe ya maji niliipaka kama siagi, kurasa zikajikunja na kugandana. Nilijifariji niliposoma kwamba gundi imewasumbua watu tangu zamani: mwaka 1873 mwandishi Mmarekani Mark Twain alipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya kitabu cha kubandikia chenye kurasa zilizopakwa gundi kavu tayari, unalowesha kidogo na kubandika. Mimi sina hataza, lakini nina karatasi ya kuokea. Gundi haishiki juu yake. Napaka safu nyembamba pembeni tu, nafunika kwa kipande cha karatasi ya kuokea, nafunga kitabu, juu naweka sufuria zito hadi asubuhi. Ukurasa unatoka umenyooka.

Kosa jingine lilikuwa kukipeleka kitabu jikoni. Mvuke, mafuta, vidole vya unga. Maelezo niliyoandika kwa kalamu ya wino yalitiririka yote baada ya tone moja la maji. Sasa jikoni naingia na kikaratasi kigumu na penseli. Penseli haijali maji. Kitabu kinangoja mezani, na kuhamisha maelezo jioni, kukiwa kumetulia, kumekuwa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Hapo ndipo zile stika hatimaye zimepata kazi. Mikate iliyofaulu inapata ua. Iliyogoma inapata tepu nyeusi.

Ukurasa ninaoujali zaidi, hata hivyo, hauna stika. Mama aliwahi kuniandikia mkate wake nyuma ya bahasha: "Unga konzi sita, maji bilauri moja, hamira kidogo, chumvi ya vidole. Kanda mpaka ukubali." Niliufuata mara nyingi, na kila mara ulinitoka kama uji mzito. Nilidhani mama kuna kitu hakukiandika. Watu husema hivyo kuhusu mama zao, kwamba wanaficha siri moja, nami nikaamini.

Alipokuja kunitembelea nikaweka bakuli juu ya mizani.

"Mama, hebu nichotee konzi moja ya unga."

"Konzi ya nini tena?"

"Nataka kuupima mkono wako."

Alicheka, akachota. Gramu 54. Nikamwomba arudie: 51, kisha 55. Mkono umezoea, haukosei sana. Nikachota mimi: 41. Konzi zake sita ni kama gramu 320, zangu hazifiki 250. Bilauri nayo tukaipima, gramu 200 za maji. Kwa mkono wake maji yalikuwa asilimia 62 au 63 ya unga. Kwa wangu yalikuwa zaidi ya 80. Hakuficha chochote, masikini. Mimi nina viganja vidogo.

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unaoka nini?" akauliza. Nikamwonyesha kitabu. Alikipitia ukurasa kwa ukurasa miwani puani, kwenye tepu nyeusi akawa anakaa zaidi. Alipofika lile tofali la kwanza akalitazama kwa muda, akasema tu, "Huu uliuacha ukalala."

Bahasha yenyewe sikuibandika. Pembe moja iliwahi kuzibwa kwa tepu ya kung'aa, na tepu hiyo imeacha doa la kahawia ambalo halitatoka. Niliipiga picha, nikabandika picha, na bahasha nikaiweka kwenye mfuko wa plastiki angavu. Mfuko nao una mambo yake: ile laini yenye harufu kali ya plastiki ni ya PVC na huharibu karatasi na picha taratibu, hivyo nikachukua wa polipropilini. Wenzangu walinishauri niipitishe kwenye mashine ya kuifunika plastiki moja kwa moja. Nikakataa, ikishafungwa hivyo haifunguki tena, na napenda kuitoa na kuishika. Pembeni ya picha nimeandika kwa penseli uzito wa konzi zote, zake tatu na yangu moja, na chini nimechora mkono wake kwa kuufuata na penseli akiwa ameukalisha juu ya ukurasa. Una unga kidogo kwenye kiganja. Sikuupangusa.

Kitabu kimenenepa hadi uti wake ukapasuka, maana kila kinachobandikwa kinaongeza unene. Nimehamia kwenye jalada la pete, kurasa zinaongezwa na kutolewa. Ukurasa wa juzi hauna picha. Niligeuka kutafuta simu, niliporudi mkate ulikuwa umekwisha kukatwa na mezani pana watu watatu wenye siagi mashavuni. Nimebandika kile kikaratasi cha penseli kilivyo, na mwanangu ameandika chini yake kwa herufi kubwa: UMEISHA.