Soksi ya vita kwa sufu ya Mlango Mmoja

Ukimwambia mtu wa Mwanza kwamba unafuma soksi za sufu, atakuuliza kama umepata uhamisho wa Makete, kwenye baridi. Ana haki ya kuuliza. Ila amwangalie pia mvuvi wa dagaa anayerudi mwaloni alfajiri, miguu imeshinda usiku kucha kwenye maji yaliyotuama chini ya mtumbwi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai nyuzijoto 15 zenye maji ndani yake si sawa na nyuzijoto 15 za kitandani. Baridi ya namna hiyo, iliyochanganyika na maji, ndiyo iliyowashikisha watu wa Ulaya sindano za kufumia mwaka 1914.

Majira ya baridi ya kwanza ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, askari waliokaa kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji walianza kuharibikiwa miguu bila kupigwa risasi. Mguu ukikaa kwenye maji baridi kwa saa nyingi, hata kama maji hayajaganda, mishipa hujikaza na damu haifiki vidoleni. Mguu hufa ganzi, huvimba, na ukiachwa nyama huoza. Buti likibana, au vitambaa vya kuzungushia miundi vikikazwa mno, ndiyo haraka zaidi. Jeshi la Uingereza likaweka amri: askari avue buti, akaushe miguu, aisugue kwa mafuta ya nyangumi, avae soksi kavu. Kila siku. Maana yake askari mmoja hatoshelezwi na jozi moja. Moja iko mguuni, nyingine inakauka, na ya tatu imeshatoboka.

Kwa nini sufu? Pamba tunaijua sana huku Usukumani, na hapa haifai. Uzi wa pamba ukilowa hulala, nafasi za hewa kati ya nyuzi hujaa maji, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa inatunza joto. Unywele wa sufu una mikunjo ya asili inayorudi hata ukiwa na maji, na unaweza kunyonya unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajauhisi.

Lord Kitchener, aliyekuwa waziri wa vita wa Uingereza, alimwomba Malkia Mary msaada, na mwaka 1914 ukatoka wito wa soksi jozi 300,000 na mikanda ya tumbo 300,000. Mikanda hiyo ilitokana na imani kwamba tumbo likipata baridi mtu huugua kipindupindu au kuhara damu. Sufu ya bure ilikwenda na maji, kwa sababu ugonjwa wenyewe uko kwenye maji ya kunywa. Wito huo pia uliwaudhi wanawake wa viwandani, ambao tayari walikuwa wanapoteza kazi: kama mabibi wenye nafasi watafuma bure, nani atanunua soksi za kiwanda? Mary Macarthur, kiongozi wa chama cha wanawake wafanyakazi, alilibeba suala hilo hadi kwa malkia mwenyewe, na Agosti 1914 ukaanzishwa mfuko wa kuwapatia wanawake hao kazi za malipo.

Shida iliyobaki ndiyo inayotuhusu sisi tunaofuma: vipimo. Watu walifuma kwa moyo wote, na mizigo ikafika na soksi ambazo moja ya jozi ni ndefu kuliko mwenzake, visigino vyenye mafundo, na kofia zisizopita kichwani. Kikosi kimoja kilizidiwa na skafu huku kingine kikikosa soksi. Mwaka 1915 serikali ilimteua Sir Edward Ward asimamie vikundi vyote vya hiari, ili vifume kinachohitajika na kwa kipimo kimoja. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Msalaba Mwekundu wa huko ulitoa maelekezo yaliyochapishwa, yenye idadi ya vitanzi na urefu wa kila sehemu, na rangi zikabaki chache: kaki, kijivu, buluu ya bahari.

Kulikuwa na vitu vingine pia. Kofia ya kufunika kichwa na shingo inayoacha uso tu, ambayo sisi tungeiita mzula, ina jina la bandari ya Balaklava huko Crimea, ambako Waingereza walipigwa na baridi majira ya 1854 hadi 1855. Katika Vita vya Pili vya Dunia nyingine zilifumwa na nafasi masikioni ili mpiga simu asikie. Glavu ziliachiwa kidole cha kufyatulia risasi peke yake. Kwa waliokatwa miguu zilifumwa soksi za kigutu, ambazo hazikutakiwa kuwa na fundo wala mshono hata mmoja, maana ngozi ya kigutu haivumilii.

Vita vya Kwanza vilifika hadi ziwani kwetu. Bukoba ilishambuliwa Juni 1915 na kikosi kilichokuja kwa meli kutoka Kisumu, na Mwanza ikachukuliwa na Waingereza Julai 1916. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo walitembea peku, na wengi walikufa kwa maradhi, nimonia ikiwemo. Wito wa malkia haukuwahesabu. Katika vita vya pili askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), wakiwemo wa Tanganyika, walipanda nyanda za juu za Ethiopia hadi Gondar, zaidi ya mita 2,000, na mwaka 1944 wengine walipita bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika, ambako soksi kavu ilikuwa ndoto.

Haya, sasa soksi yenyewe.

Sufu safi ya dukani ni adimu Mwanza. Ukiomba uzi wa sufu, mara nyingi utapewa akriliki. Nenda soko la Mlango Mmoja, kwenye mitumba, utafute sweta ya kufumua. Uingereza ya vita vya pili ilifanya hivyo hivyo, kwa sababu kuanzia Juni 1941 nguo na nyuzi zilikuwa kwa kuponi. Kama lebo imeng'olewa, chomoa uzi mfupi uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, moto huzimika wenyewe, na majivu husagika kwa vidole, akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu, pamba huwaka kama karatasi. Kisha geuza sweta ndani nje. Kama mishono ya ubavuni imepigwa ovaloki, iache hata kama bei ni ya kutupa, kwa sababu kitambaa kimekatwa na kila mstari utakupa kipande kifupi. Unayotaka ni ile ambayo kingo za vipande ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo. Ikaze mbele ya mwanga uangalie matundu ya nondo. Iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto ikaganda kama blanketi haifumuki.

Fumua mishono kwanza, kisha kila kipande kuanzia juu kwenda chini, maana sweta nyingi hufumwa kuanzia chini. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga fungu sehemu nne bila kukaza, loweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye shampuu kidogo. Sabuni ya unga huila sufu. Usisugue. Ning'iniza kivulini na chupa yenye maji kidogo chini yake, ili uzi unyooke. Sweta ya gramu 300 hutoa jozi mbili za soksi za buti na salio la kurekebishia. Jozi moja hula gramu 100 hadi 120. Uzi ukiwa mwembamba mno, shika miwili pamoja.

Sindano ni nne, zenye ncha pande zote mbili, unene wa milimita 2.75 hadi 3. Spoki ya kawaida ya baiskeli ni milimita 2, nyembamba kwa kazi hii. Za pikipiki ni nene zaidi. Pima kwanza, kata sentimita 18, noa ncha kwa tupa na umalizie kwa msasa laini mpaka isishike uzi.

Kabla ya yote fuma kipande cha majaribio, kioshe, kikauke, uhesabu. Lengo ni vitanzi 28 kwa sentimita 10. Hapa ndipo soksi nyingi za 1914 zilipoharibikia. Kwa vitanzi 60, mkono wa vitanzi 28 kwa sentimita 10 hutoa mzunguko wa sentimita 21.4, unaoukaa vizuri mguu wenye mzunguko wa sentimita 24. Mkono uliolegea wa vitanzi 25 hutoa sentimita 24 kamili: soksi inajikunja ndani ya buti na mkunjo unachubua. Mkono uliokaza wa 32 hutoa chini ya 19, soksi inabana damu, na tumerudi kwenye ugonjwa ule ule wa handaki. Kwa mguu mwingine, zidisha mzunguko wake kwa vitanzi vya sentimita moja, kisha toa asilimia 10.

Anzisha vitanzi 60 juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja. Ukianzisha kwa sindano moja, ukingo hautavutika na kisigino hakitapita. Gawa 20 kwa kila sindano na uunge mduara, ukihakikisha havijajisokota, maana kosa hilo halirekebishiki mbele ya safari. Fuma viwili vya mbele (upande laini), viwili vya nyuma (upande wenye nundu), sentimita 10. Endelea kwa vitanzi vya mbele tu sentimita 18. Pale sindano zinapokutana hutokea ngazi, yaani safu ya vitanzi vilivyolegea. Vuta uzi kwenye kitanzi cha kwanza na cha pili cha kila sindano, au hamisha vitanzi viwili kwenda sindano ya jirani kila mzunguko.

Kisigino hufumwa kwa vitanzi 30, vingine 30 vikisubiri, kwenda na kurudi, mistari 30. Kitanzi cha kwanza cha kila mstari hakifumwi, kinahamishwa tu. Upande wa nje hamisha kimoja, fuma kimoja, hadi mwisho. Upande wa ndani fuma vyote vya nyuma. Kitambaa kinakuwa kinene maradufu. Hapa na kwenye vidole ongeza uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, ule mwembamba uliosokotwa. Usitumie wa timba, yaani uzi mmoja usiosokotwa: ule mgumu utakata sufu kabla ya buti kufanya hivyo.

Kugeuza kisigino: fuma 17, punguza kimoja, fuma kimoja, geuza. Hamisha kimoja, fuma vitano vya nyuma, viwili pamoja, kimoja, geuza. Utaona pengo. Kila mstari unaofuata fuma hadi kabla ya pengo, unganisha kitanzi cha huku na cha kule, fuma kimoja, geuza. Vikibaki 18, umemaliza. Vikibaki 17 au 19, kuna mstari uliusahau. Fumua, usijaribu kuuficha.

Okota vitanzi 15 ubavuni mwa kisigino, na cha 16 kwenye kona, kikiwa kimesokotwa ili kona isiache tundu. Fanya hivyo pande zote mbili: 18, 16 na 16, pamoja na 30 vilivyokuwa vinasubiri juu ya mguu, jumla 80. Punguza viwili kila mzunguko wa pili, kimoja kila upande wa nyayo, hadi virudi 60. Fuma bila kupunguza hadi zibaki sentimita 5.5 kufikia urefu unaotaka, ambao ni urefu wa mguu kutoa sentimita moja. Kisha punguza vinne kila mzunguko wa pili, viwili kila ubavu, mpaka vibaki 20.

Kuvifunga vitanzi hivyo kwa fundo au mshono wa kawaida kunaacha tuta juu ya vidole, na mtu akitembea kilomita 20 tuta hilo linageuka kidonda. Njia ya kuunganisha bila mshono imebeba jina la Kitchener hadi leo, ingawa ilikuwepo kabla yake. Panga vitanzi 10 vya juu na 10 vya chini kwenye sindano mbili sambamba, upande laini nje. Kata uzi ukiacha sentimita 40, uutie kwenye sindano ya kushonea yenye ncha butu. Anza kwa kuingia kitanzi cha kwanza cha sindano ya mbele kwa njia ya nyuma, yaani kama unayefuma kitanzi cha nyuma, kiache hapo. Kitanzi cha kwanza cha sindano ya nyuma kwa njia ya mbele, kama unayefuma kitanzi cha mbele, kiache pia. Halafu rudia hivi: sindano ya mbele, ingia kwa njia ya mbele na ukivue, kinachofuata ingia kwa njia ya nyuma na ukiache; sindano ya nyuma, ingia kwa njia ya nyuma na ukivue, kinachofuata kwa njia ya mbele na ukiache. Uzi usiukaze mpaka umalize mstari mzima, ndipo uulainishe kitanzi kwa kitanzi kwa ncha ya sindano.

Geuza soksi ndani nje, ingiza mkono, upitishe kidole gumba juu ya ule mstari. Ukiuhisi, umekaza mno. Chomoa vitanzi 10 hivyo urudie.