Niliambiwa Nitazoea: Nilivyoipima Upya Baiskeli Yangu ya Resi

Baiskeli niliinunua mtumba: fremu ya alumini iliyoandikwa 56, saizi yake kwa sentimita, matairi membamba, usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Muuzaji alinikalisha juu yake, akashusha kiti mpaka nyayo zangu zote mbili zikalala chini, akaniambia, "Imekutosha, kaka." Nikamwamini, nikalipa, nikaipanda hadi nyumbani Muyeye, hapa Malindi.

Siku tatu kwa wiki nafanya kazi Watamu, zaidi ya kilomita 20 kutoka Malindi mjini. Mwezi wa kwanza nilikuwa sijaifikia hata Gede, magoti yananichoma kwa mbele, chini ya pia ya goti. Shingo ikikauka. Kibaya zaidi ni mikono: kidole cha pete na kidole cha mwisho vilikufa ganzi kabisa. Kila niliyemweleza alinijibu neno moja: utazoea.

Asubuhi moja pale Msabaha tuktuk iliingia barabarani bila kutazama. Nikabana breki. Vidole viwili vikabana, viwili vikabaki juu ya chuma kama si vyangu. Nilisimama, lakini nilisimama karibu mno. Siku hiyo niliamua kwamba jambo hili halizoeleki.

Mzee wangu alikuwa mwashi maisha yake yote. Jioni nilimkuta barazani, nikamwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, ukuta ukipinda, mwenye nyumba huambiwa auzoee?" Akanituma chumbani nikalete futi, pimamaji na timazi.

Tulianza na miguu. Nilisimama pekupeku nimegusa ukuta kwa visigino na mgongo, kitabu kinene kimebanwa juu kabisa katikati ya mapaja, kiasi cha uzito wa mtu anapokaa kitini. Baba akaweka alama ya penseli juu ya kitabu. Kutoka sakafuni: sentimita 79. Iko hesabu ya zamani ya waendesha baiskeli, kuzidisha urefu huo kwa 0.883, na jibu ndilo umbali wa kutoka kitovu cha krenki, ile mikono inayoshika pedali, hadi juu ya kiti. Kwangu ilitoka 69.8. Kiti changu kilikuwa 66. Karibu sentimita 4 zilikosekana, na goti ndilo lililokuwa likizilipa, kwa kukunjwa kupita kiasi kila pedali inapozunguka. Kiti cha baiskeli ya resi hakipimwi kwa miguu kufika chini. Ukisimama unashuka mbele ya kiti.

Sikukipandisha chote siku moja. Nilikwenda milimita 5 kwa kila safari, nikifunga tepu ya umeme kwenye bomba la kiti ili nijue nilipotoka, na nikiangalia mstari uliochorwa kwenye bomba, ule ambao haufai kuonekana nje ya fremu. Jaribio langu lilikuwa kisigino: nimekaa sawa, kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiuno kikicheza, kiti kimepita. Wiki ya pili maumivu ya mbele ya goti yalikwisha.

Mikono ikazidi. Na hapa ndipo nilipojiharibia. Kwa kuwa usukani ulikuwa mbali, nilikisogeza kiti mbele hadi mwisho wa reli zake nikijua naukaribia. Ganzi sasa ikaanza hata kabla ya kutoka mjini.

Baba ndiye aliyeligundua. Tuliiegemeza baiskeli ukutani, nikapanda, krenki zikalala sawasawa na ardhi, naye akashusha timazi kutoka chini tu ya pia ya goti la mbele. Uzi ulitikisika, ukatulia. Chuma chake kilining'inia karibu sentimita 3 mbele ya ekseli ya pedali. "Umekaa mbele ya miguu yako," alisema, "kwa hiyo mikono ndiyo inayokubeba." Nilijaribu papo hapo: nikainua viganja kidogo kutoka kwenye usukani, mwili wote ukadondoka mbele. Tuliporudisha kiti nyuma hadi uzi ukakatiza ekseli, niliweza kuinua viganja na kukaa. Kipimo hicho cha timazi si sheria ya mwili, wapo wanaokaa vizuri nyuma yake au mbele kidogo, lakini kwa mtu asiye na pa kuanzia, anzia hapo. Na ukikirudisha kiti nyuma, pima urefu tena, maana kimejiongezea umbali na pedali. Mimi nilikishusha milimita 4.

Pimamaji nayo ilisema lake. Pua ya kiti ilikuwa imeinama, nami nilikuwa nikiteleza mbele siku nzima na kujisukuma nyuma kwa mikono bila kujua. Tukailaza sawa.

Ukweli wenyewe ukabaki mezani: fremu ya 56 ni kubwa kwa mtu wa mita 1.70 mwenye miguu kama yangu. Ningepata 54 ningeichukua. Fremu huwezi kuifupisha, ila stemu, ile shingo inayoushika usukani, inabadilishwa. Yangu ilikuwa na milimita 120. Niliagiza ya 90 kutoka Mombasa, ikafika na matatu, na haikuingia. Usukani wangu una unene wa milimita 31.8 pale katikati, na ile iliyoletwa ilikuwa ya 26. Nikairudisha, nikangoja wiki nyingine. Pimeni unene kabla ya kulipa.

Iliyofika mara ya pili niliipindua iangalie juu, na chini yake nikabakiza pete zote zinazoiinua. Kuifunga kuna utaratibu wake. Skrubu ya juu inakazwa kwanza, taratibu, mpaka uma unaoshika gurudumu la mbele usicheze tena ukibana breki ya mbele na kuitikisa baiskeli, na usukani bado uzunguke bila kukaza. Kisha unasimama ukilitazama tairi la mbele kutoka juu, jicho moja umelifumba, unaulinganisha usukani na gurudumu. Mwisho ndipo bolti mbili za pembeni, kidogo hii, kidogo ile. Ukianza na za pembeni, ile ya juu haina kazi tena.

Matairi pia niliyabadilisha, kutoka milimita 23 hadi 25, na upepo nikaushusha kutoka paundi 110 hadi 85. Viganja vilishukuru. Upana wa usukani sikuugusa.

Safari ya kwanza baada ya hayo ilikuwa wakati wa kusi, upepo ukinijia usoni njia nzima kuelekea Gede. Niliinama kwenye pembe za chini, viwiko vimelegea, nikapita Msabaha nikivichezesha vidole vyote kumi kimoja kimoja. Vilikuwa hai. Shingo bado inachoka nikizidisha masaa mawili, nami nainuka kila baada ya kilomita chache kuipumzisha.

Vipimo vyangu nimeviandika kwa penseli ukutani, nyuma ya mlango: urefu wa kiti 69.4, pua ya kiti hadi katikati ya usukani, stemu 90, pete zote chini. Fundi akilitoa bomba la kiti kulipaka grisi, na hapa pwani chumvi inalidai grisi mara kwa mara, nikirudi nyumbani nachukua futi kabla sijapanda.