Uvuvi wa gundi

Leo nimekaa muda mrefu na kioo cha kukuzia nikiwatazama vichanga wa tenofora, mnyama wa baharini mwenye mwili wa uteute na safu nane za vitana, yaani vinyweleo vya kuogelea, niliowachota gatini Wesha, hapa Pemba, maji yalipojaa. Kilichonivutia zaidi ni namna wanavyokula bila kukimbilia chochote.

Watu wengi wakiona uteute baharini hudhani ni konyeza, wakaogopa kuwashwa, ilhali huyu silaha yake ni gundi. Kichanga ana minyiri miwili mirefu, inayoweza kuvutwa na kuingia katika vifuko vyake, na kila mnyiri umeota vitawi vyembamba vilivyojaa seli ziitwazo koloblasti. Seli hizo hufanya kazi ileile ya ulimbo wa fenesi tulioupaka vijitini utotoni ili kunasa ndege: windo likigusa tu, chembe za gundi hupasuka zikalishika. Seli iliyokwisha kutumika haifai tena, na nyingine huota mahali pake.

Mmoja alitandaza minyiri yake akaelea. Kopepodi, kijidudu jamii ya kamba ambaye kwa jicho tupu ni nukta tu, alikuja kwa miruko yake ya ghafla, akagusa kitawi kimoja, na kadiri alivyofurukuta ndivyo alivyozidi kunaswa na vingine. Mnyiri ukafupika taratibu, kichanga akajizungusha kwa vitana vyake hadi mdomo ukalifikia windo, kisha nukta ile ikaonekana tumboni, kwani mwili wote ni angavu. Nauona uvuvi huu kuwa wa kistaarabu kuliko juya.

Aliyetoka yaini punde hana ubavu huo. Kopepodi mzima aweza kumharibia minyiri kwa purukushani, kwa hiyo hula viumbe wa seli moja na watoto wa kopepodi.

Baadhi ya jamii za tenofora hubadili mtindo zikikua. Mnemiopsis leidyi, mwenyeji wa pwani ya Atlantiki ya Amerika, huota mapazia mawili mapana kandokando ya mdomo na kuvuta maji polepole mno, hata kopepodi asitambue kwamba anapelekwa. Ndiye aliyeingia Bahari Nyeusi miaka ya 1980, akala planktoni, yaani viumbe wadogo waeleao majini, pamoja na mayai ya samaki, na uvuvi wa dagaa, uliokwisha kuzidi kiasi, ukaporomoka. Aliyekuja kumpunguza, mwaka 1997, ni Beroe ovata, ndugu yake asiyekuwa na minyiri hata uchangani, ambaye humeza wenzake wazimawazima.