Nilivyotoka wodini nikaingia afya kazini, na ushauri ulionichelewesha

Ushauri mbaya ulinichelewesha karibu miaka miwili, na bado unaniuma. Kila niliyemwambia nataka kutoka wodini niingie afya kazini, yaani kulinda afya za wafanyakazi hukohuko wanakofanyia kazi, alinijibu nikasome masters kwanza, wengine wakasema nesi mzima unaenda kukaa kiwandani kufunga bandeji na kugawa vidonge vya kichwa? Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuifanya hiyo kazi. Lakini nilikuwa na miaka 9 wodi ya upasuaji, nimechoka na zamu za usiku, nikawaamini.

Intavyuu ya kwanza nilienda nimejiandaa kweli. Nikaeleza drip, katheta, vidonda, wagonjwa mahututi, mama aliyekuwa ananihoji akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja tu: "Sista, fundi anakuja anakwambia siku hizi hasikii vizuri, unafanyaje?" Nikajibu bila kusita, namwangalia masikio, nampima, nampa rufaa kwa daktari wa masikio. Akasema, "Sawa. Na kesho?" Sikumwelewa. "Kesho anarudi kwenye mashine ileile, na wenzake wote wako palepale." Kazi sikupata, ila hilo swali nililala nalo siku nyingi.

Nikaona hapahapa hospitali na sisi ni wafanyakazi. Nikaomba nishike daftari la watumishi waliochomwa na sindano, ambalo hakuna aliyelitaka. Mazoea yalikuwa mtu akichomwa anaosha, anapimwa, anaanzishiwa dawa za kinga ya VVU mapema kabla saa 72 hazijapita, daftari linafungwa. Mi nikaanza kuuliza na jingine: ulikuwa umesimama wapi na ulikuwa unafanya nini? Haikuchukua muda picha ikatokea, wengi walichomwa wakirudishia kifuniko cha sindano, na walikuwa wanarudishia kwa sababu sefti boksi, lile la kutupia sindano zilizotumika, lilikuwa mwisho wa korido, nani atembee na sindano wazi umbali wote ule? Miaka yote nilikuwa nawalaumu wenzangu kwamba hawako makini! Tukafunga boksi kwenye troli lenyewe liende na nesi kitandani, na majina mapya kwenye daftari yakawa ya kuhesabu. Baadaye nikasoma kwamba daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alishawahimiza madaktari mwaka 1700 wamuulize mgonjwa, unafanya kazi gani? Nilifurahi mno.

Intavyuu ya pili drip sikuigusa kabisa, nilieleza habari ya lile boksi mwanzo mwisho, na kazi nikapata. Masters sina mpaka leo. Nilisoma kozi fupi ya afya kazini pamoja na kupima usikivu na mapafu, ikala kama mishahara miwili hivi. Ila ulizia baraza la wauguzi la nchi yako maana masharti hayafanani.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu: usipime masikio ya mtu aliyetoka zamu. Wiki ya kwanza nilipima watu mchana, karibu wote wakaonekana wana shida, nikashtuka. Kumbe sikio lililokaa kwenye kelele linachoka kwa muda, linahitaji kama saa 14 mbali na kelele ndo upate kipimo cha kweli. Nikarudia wote asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Na ukisikia kelele ya decibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ndo kikomo, ujue hiyo ni kwa saa 8, ikipanda 3 tu muda unakatika nusu.

Jingine ni siri za watu. Meneja mmoja alikuja anataka faili la kijana fulani aone anaumwa nini. Nikamwambia bosi, kwangu utapata karatasi inayosema anafaa kazi, anafaa kwa masharti, au hafai kwa sasa, ugonjwa wake ni wake. Alininunia wiki nzima. Lakini wafanyakazi walisikia, na kuanzia hapo foleni ya mlangoni kwangu ikawa inaanza kabla sijafika.